Abti Alivyopanga Foleni Osaka

Siku ya tatu ya taasi, yaani matanga, ya Abti nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nyuma ya turubai, nikimimina chai. Upande wa pili wanaume walikuwa kwenye mikeka wakila wali na mbuzi wa marehemu, kwa hamu ambayo hawakuwahi kuwa nayo ya kumtembelea alipokuwa hai. Nikamsikia kijana mmoja akiuliza, "Huyu si ndiye alikuwa mkimbizi kule Japani? Ati alikuwa anapanga foleni ya raashini?" Mzee mmoja akamjibu kwa sauti iliyojaa huruma ya kujionyesha, "Haa, maskini. Njaa ilimpiga sana huko. Ni sisi ukoo tuliomwokoa."

Nikasonya mpaka wanawake wenzangu wakageuka. Walimwokoa! Watu ambao ukiwauliza Japani iko upande gani watakuonyesha Isiolo. Lakini nimewavumilia, wao na hadithi yao, tangu nikiwa mtoto, na sababu ni moja tu. Hadithi hiyo niliianzisha mimi, kwa mdomo wangu huu, nikiwa na miaka tisa.

Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Kwetu mjomba humwita mtoto wa dada yake kwa jina hilo hilo, kwa hiyo tuliitana Abti na Abti mpaka alipokufa. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa Ayeeyo, nyanya yangu wa Balambala. Aliondoka mimi ningali nabebwa mgongoni, akaenda Japani kuuza magari yaliyokwisha kutumika, yale yale yanayojaa Garissa yakiwa na maandishi mlangoni ambayo hakuna anayejua yanasema nini. Kila mwezi alipiga simu, na kila simu ilikuwa majivuno matupu. Ana yadi. Ana wafanyakazi. Anaishi mji ambao giza haliingii. Kitu pekee alichokosa bwana mkubwa huyo ni nafasi ya kuja kumsalimia mama yake. Mwaka huu kuna kazi, mwaka ujao inshallah, na mwaka ujao ukifika, inshallah nyingine. Miaka minane ikaisha hivyo.

Na Ayeeyo alikuwa anapofuka. Jicho moja lilikuwa limekufa zamani, na la pili lilikuwa linabana kidogo kidogo, hata akawa anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Daktari alisema dawa itachelewesha tu. Basi akamwita Hooyo, yaani mama yangu, akamwambia, "Nenda ukaniletee yule. Zawadi zake sizitaki. Nataka nimwone uso kabla tundu hili halijazibwa."

Abti aliposikia kwamba dada yake anataka kwenda, alituma tiketi mbili, ya Hooyo na yangu, na habari za tiketi hizo zikafika mpaka Rhamu kabla sisi wenyewe hatujapata pasipoti. Baba alibaki na duka lake. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Hooyo hakuwa na mtu wa kuniachia, nami nilipanda ndege nikiwa na hakika kwamba ninakwenda kuona makubwa. Niliyoyaona nitayasema, lakini makubwa hayakuwamo.

Tulianza vibaya uwanja wa ndege wa huko. Hooyo alikuwa amebeba mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwakatwa na kukaangwa ikakauka, ikazamishwa kwenye samli. Ayeeyo aliitengeneza kwa mikono yake, kwa kupapasa, ili mwanawe akumbuke kwao. Afisa mmoja mwenye glavu nyeupe akafungua mkebe, akanusa, akainama, akaomba msamaha, akainama tena, akautupa kwenye pipa. Hooyo alibaki amesimama na mfuniko mkononi. Mimi nikamwangalia yule mtu kwa macho yangu yote. Mtu anatupa nyirinyiri ya watu halafu anaomba msamaha! Hapo ndipo nilipoanza kuidharau Japani, na sikupumzika mpaka siku ya kuondoka.

Abti alitupokea kwa suti iliyombana kwapani na manukato yaliyotutangulia hatua kumi. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Akatupeleka nyumbani kwake Osaka, na nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja, juu ya ngazi za chuma, kidogo hivi kwamba Hooyo akitandika mswala, mimi na Abti ilibidi tusimame mlangoni. Zizi letu la mbuzi lilikuwa na nafasi zaidi, na lilikuwa na hewa. "Hapa ni pa muda tu," Abti akasema bila hata kuona haya. "Nyumba yenyewe inapakwa rangi." Hooyo akaangalia sufuria moja iliyokuwa juu ya jiko, akaangalia jozi moja ya viatu mlangoni, akanyamaza. Mama yangu akinyamaza, mtu mwenye akili hujirekebisha haraka. Abti akaendelea kupiga domo.

Kwa vile nyumbani hapakuwa na cha kuonyesha, kila siku mchana alitupeleka mtaa wa starehe na maduka unaoitwa Dotonbori, akatuonyesha vya wenzake. Kuna mfereji wa maji ya kijani kibichi ambayo ng'ombe wetu asingeyanywa, na juu yake daraja, na kila upande majengo yaliyojaa mabango ya taa. Taa zinawaka mchana kweupe, jua liko pale pale! Nyumbani ukiacha taa ya sola ikiwaka mchana unachapwa. Juu ya mlango mmoja kulikuwa na kaa wa plastiki, mkubwa kuliko gari, anachezesha miguu. Nikajificha nyuma ya shuka la Hooyo.

"Usiogope, Abti. Ni mkahawa huo," Abti akasema. "Watu wanamla huyo."

"Wanamla mdudu?"

"Tena kwa bei kubwa."

Nikamkazia macho nione kama ananitania. Sisi hata samaki wa Tana tunawaachia majirani zetu wanaowapenda, na hawa wanakula kitu chenye miguu kumi, halafu wanamtundika mlangoni kwa fahari, kama sisi tunavyotundika kalenda ya Makka. Harufu ya mtaa ule ninayo puani hadi leo, unga unaoungua, mchuzi mtamu, na chini yake kitu cha baharini ambacho kilipaswa kubaki baharini. Na walikula wakitembea! Mtu mzima mwenye suti na mkoba, kinywa wazi kwa moto wa chakula, anapuliza fuu fuu barabarani. Kwetu mwanamume akionekana anatafuna huku anapita sokoni, kesho yake hakuna atakayempa binti.

Kila kitu pale kilinichefua, na sitajifanya leo kwamba nilikuwa mtoto mpole anayeshangaa tamaduni za wengine. Nilikuwa na dharau kamili, ya kutosha watu wazima watatu. Nilimwona mwanamke akisukuma kigari cha mtoto, nikachungulia nimtazame mtoto, nikakuta mbwa amevaa sweta. Astaghfirullah, Hooyo akasema, akavuta shuka lake pembeni. Wenye maduka walisimama milangoni wakipaza sauti kama madalali wa mbuzi, wakimkaribisha kila mpita njia, na wapita njia hawakujibu. Mtu anakukaribisha kwake, unapita kama hujasikia! Garissa hata mwendawazimu wa stendi anaitikia salamu.

Siku moja Abti akatuingiza kwenye ukumbi wenye kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Ndani kulikuwa na safu za wazee kwa vijana, kila mmoja amekaa mbele ya mashine yake, anatazama vigololi vya chuma vikidondoka. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Hakuna anayecheka.

"Hawa wamefanya kosa gani?" nikauliza.

"Kosa? Wanajifurahisha hawa!"

Wanajifurahisha. Nimewahi kuona ng'ombe wakingoja sindano wakiwa na furaha kuliko wale. Lakini nikagundua kitu, Abti mwenyewe alikuwa ameganda, anatazama vigololi vile kwa namna ambayo hakuwa ametutazama sisi hata mara moja. Hooyo akamshika mkono akamtoa nje.

Na alivyopiga kifua! "Mwenye jengo lile ni rafiki yangu." "Duka hili wananijua." Hooyo alikuwa akiitika tu, na kila jioni alimwambia neno moja, "Mama anataka kukuona. Jicho halingoji." Naye Abti alijibu kwamba inshallah, biashara ikitulia. Mimi, kwa macho yangu ya kitoto, nilikuwa nimeona jambo ambalo yeye alidhani limefichika. Katika siku zote tulizozunguka mtaa ule, kutoka daraja hadi daraja, hakuna hata mtu mmoja aliyemsalimia kwa jina lake. Nikaamua kwamba Abti ni mwongo, na chochote atakachosema nitakichukulia hivyo.

Ndipo tukafika kwenye foleni. Ilikuwa imepangwa kando ya ukuta wa kichochoro, watu kama thelathini, kimya, wameinamisha vichwa, kila mmoja na karatasi ndogo mkononi. Kila baada ya muda mwanamke mwenye aproni alitoka mlangoni, akaita namba, watu wanne wakaingia, mlango ukafungwa tena.

Sasa, foleni mimi naijua ninapoiona. Baba alikuwa na duka soko la Dadaab kwa miaka kadhaa, nami nilikulia pale miongoni mwa magunia. Siku ya raashini nilikaa mlangoni pa duka letu nikitazama wakimbizi wakisimama tangu asubuhi na kadi zao, wakingoja kuitwa ili wapimiwe unga na maharagwe na mafuta. Sisi watoto wa wenye maduka tuliwacheka watoto wa foleni. Lugha yao yetu, dini yao yetu, wengine hata ukoo ni mmoja, na bado tuliwaita wala raashini na kukataa kucheza nao. Ilikuwa dharau ya kijinga na ya kikatili, na leo naionea aibu. Lakini siku ile hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote kuhusu foleni. Anayesimama kwenye mstari na karatasi akingoja chakula ni mtu ambaye hana kwao.

Abti akamwendea yule mwanamke, akainama kama wao wanavyoinama, akapewa karatasi yenye namba, akarudi akajipanga nyuma ya mstari.

Nilihisi uso unaniwaka. "Abti, toka hapo!"

"Tunangoja tambi, Abti. Watu wanatoka miji mingine kuja kula hapa. Nguruwe hawapiki, nimeuliza."

"Nyumbani tuna chakula! Sisi si wakimbizi!"

"Hawa ni matajiri," akasema huku akicheka. "Mwangalie huyo saa yake."

Matajiri! Tajiri anasimama ukutani kuomba tambi? Kama nyumba inavyopakwa rangi, nikawaza. Nikaenda kusimama ng'ambo ya kichochoro, mikono nyuma, ili mtu yeyote wa Garissa akipita kwa bahati asidhani ninahusika. Tulisimama mpaka Hooyo akasema Alasiri inampita, tukaondoka bila kula. Yaani Abti alipanga foleni ya raashini, na raashini yenyewe akakosa. Hata Dadaab hawafanyi hivyo, mwenye kadi hupata angalau unga.

Kesho yake, kabla hatujatoka, Abti alikuwa amekwenda mahali alipopaita ofisini. Hooyo akapiga simu Balambala, akazungumza kidogo na Ayeeyo, kisha akaona wakati wa sala umeingia. Akanipa simu nimsalimie nyanya, akatandika mswala, akafunga sala hapo hapo nyuma yangu.

"Ayeeyo wangu," nyanya akasema, maana nyanya na mjukuu nao huitana kwa jina moja. Kule kwao ilikuwa asubuhi, nilisikia mbuzi. "Mama yako ananificha. Wewe niambie. Mjomba wako anaishi vipi?"

"Anapanga foleni ya raashini, Ayeeyo."

"Allahu akbar!" Hooyo akasema kwa nguvu nyuma yangu. Mtu aliye kwenye sala hawezi kusema jingine, na kwetu kila mtoto anajua sauti ile ina maana gani. Inamaanisha nyamaza, nikimaliza utaniona. Lakini nilikuwa nimeulizwa na nyanya, na nyanya ni mkubwa kuliko mama.

"Foleni gani?" Ayeeyo akauliza.

"Ya chakula. Anapewa karatasi yenye namba. Anasimama ukutani na wengine, mwanamke anatoka anawaita."

"Na anapata?"

"Jana hakupata. Tulirudi hivi hivi."

"Allahu AKBAR!"

"Na nyumba yake?"

"Zizi letu ni kubwa zaidi. Na sufuria ni moja."

Kisha Ayeeyo akasema, "Vizuri, mtoto wangu. Umefanya vizuri kuniambia," akakata simu. Hooyo alitoa salamu za sala kulia na kushoto kwa kasi ambayo sijaiona tena, na mkono wake ulinifika kabla hajasimama. Akapiga Balambala tena na tena. Simu ya Ayeeyo ilikuwa imezimwa, na ilizimwa siku tatu.

Habari ilitufikia pale darajani Dotonbori, katikati ya umati, kaa akichezesha miguu yake ya plastiki juu yetu. Simu ya Abti ikalia. Alikuwa mzee wa ukoo kutoka Balambala, na alikuwa anapiga kelele kama watu wetu wote wanaoamini kwamba nchi ya mbali inahitaji sauti kubwa, kwa hiyo mimi na Hooyo tulisikia kila neno.

"Warya, wewe kijana! Kwa nini ulituficha? Unakufa njaa ugenini na una watu? Mama yako amelia mbele ya wazee. Tumekuchangia. Wallahi kila nyumba imetoa."

Huo mchango kwetu unaitwa qaaraan. Mtu wa ukoo akianguka, kila nyumba inatoa mnyama ili asimame tena, na hakuna kukataa. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, na bado walitoa. Mwenye ngamia alitoa ngamia, na mjane mmoja asiye na kitu alileta mbuzi wake wa maziwa.

"Lakini ngamia hatumwi kwa simu," yule mzee akamaliza. "Mama yako amesema uje mwenyewe ushike kamba."

Abti akashusha simu. Manukato yake na suti yake vilikuwepo, lakini mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa kama ametoka. Akaniangalia, nami nikakaza shingo kungoja kofi. Halikuja.

"Wapigie uwaambie ukweli," Hooyo akasema. "Waambie una yadi, una wafanyakazi. Waambie ile ilikuwa foleni ya mkahawa wa wenye pesa. Warudishe wanyama wa watu."

"Hakuna yadi," Abti akasema.

"Najua. Nimejua tangu nilipoona sufuria."

"Ilikwisha miaka mitatu sasa. Naosha magari ya mtu mwingine. Gari langu la mwisho ndilo lililowakatia tiketi."

"Basi waambie hilo."

Akageuka akaushika ukingo wa daraja, akaonyesha kwa kidevu mtaa mzima ule, taa na mashine na vinywa vinavyopuliza moto. "Nikiwaambia hilo watauliza kabla ya hapo ilikuwaje. Nilikuwa nacho, dada. Miaka mitano nilikuwa nacho, nikakimwaga hapa. Humu ndani ya vigololi, kwenye kamari. Mama yangu sikumtumia hata shuka. Mwenye njaa watamsamehe. Huyo mwingine, nani atamsamehe?"

Watu walitupita kulia na kushoto wakijipiga picha. Mimi nilielewa nusu tu, na nusu niliyoielewa ni kwamba nilikuwa nimesema uongo mkubwa bila kujua, kwamba watu wa Balambala wametoa mifugo yao kwa sababu yangu, na mjukuu wa Ayeeyo sasa ni mwongo kama mjomba wake. Kwenye ndege ya kurudi Hooyo alinieleza nusu iliyobaki, kwa maneno yaliyouma kuliko mkono wake. Abti alikuwa amekaa dirishani akijifanya amelala.

Tulipofika Balambala walikuwa wametukusanyikia. Wanyama walikuwa wamefungwa pamoja kwenye boma, na watu walisimama wakimtazama Abti jinsi sisi wa dukani tulivyowatazama wale wa foleni, ila hawa waliongeza machozi. Wanawake walipiga vifua kwa jinsi alivyokonda. Mtu akamkabidhi kamba ya ngamia jike, mzuri, mwenye mimba, na mzee akaanza hotuba ndefu juu ya ubaya wa nchi za kigeni zinazowalaza watu njaa. Sikuweza kuvumilia. Nikasukuma watu nikasimama katikati.

"Si kweli! Haikuwa raashini! Ilikuwa mka..."

Kiganja cha Abti kikafunika mdomo wangu. "Mtoto amechoka na safari," akawaambia kwa unyonge mtamu. "Nyamaza, Abti. Nyamaza." Kisha akainamisha kichwa, akashika kamba, akawashukuru mmoja mmoja. Alipofika kwa yule mjane wa mbuzi, sauti ilimkatika, na watu wakaona huo ndio ushahidi wa mateso yake.

Nilimdharau siku ile kuliko nilivyomdharau kaa na mbwa wa sweta na mtupa nyirinyiri kwa pamoja. Huyu alijua kwamba si maskini wa njaa, na alikubali kulia kama maskini wa njaa kwa sababu ilikuwa rahisi. Nimekuwa mtu mzima, nimeona waongo wa kila namna, na bado dharau hiyo haijaniisha yote. Hakurudi Japani tena. Aliwachunga wanyama wale, wakazaana, na alitoa kwenye kila qaaraan iliyopita mbele yake mpaka akazeeka. Hilo namhesabia. Ila ukweli hakuusema hata siku moja.

Ayeeyo hakuwa amesimama na umati. Alimngoja ndani ya herio, kibanda chetu cha mikeka, akampa maziwa, akampa nyama, akamsikiliza akilia, hakumuuliza kitu. Abti alipokwisha kula alilala pale pale mchana, kinywa wazi. Nami nikamwendea nyanya, kwa sababu mtu mmoja angalau ilibidi asikie kutoka kwangu.

"Ayeeyo, nilikosea. Ile foleni haikuwa ya raashini. Ilikuwa ya matajiri. Wanasimama wenyewe, kwa kupenda."

"Najua."

"Hooyo alikuambia?"

"Nani aniambie? Mwenye njaa anawakatia watu tiketi za ndege?" Akasonya. "Wazee wazima na ndevu zao, hakuna hata mmoja aliyefikiria hilo. Mimi kilichokufa ni macho, si kichwa."

Akanyoosha mkono nimwongoze, nikamwongoza mpaka alipolala Abti, akakaa chini taratibu, akageuza uso huku na huku mpaka akampata mwanawe ndani ya lile tundu dogo alilobakiwa nalo. Akamtazama muda mrefu, kipande kwa kipande, paji, pua, kidevu, kwa sababu kwa pamoja hakuweza kumwona.

"Miaka minane nilimwita kama mwanamume, hakuja," akasema. "Nikamwita kama maskini, amekuja mbio."

Akainama karibu zaidi, akamgusa mvi za kando ya sikio, ambazo mimi nilikuwa sijaziona.

"Mtazame mjinga huyu," akasema. "Amezeeka."